SOMO: Kumfundisha mhudumu wa jamii amfikie mzee asiyetaka kusaidiwa

Naandika mara moja tu. Atakayeniuliza tena pembeni nitamrudisha hapa. Wengi mnafundisha wahudumu wa shehia huku Unguja na Pemba, na swali ni lile lile: "Mzee hataki, tufanyeje?"

1. Mhudumu apite kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali katika shehia (mtaa au kijiji), kisha kwa wenye nyumba.

2. Shikamoo, kisha akae chini. Siku ya kwanza hakuna fomu.

3. Atafute mzee anakataa nini hasa. Mmoja anaogopa atapelekwa nyumba za wazee za Sebleni au Welezo, mwengine anaona majirani watasema wanawe wamemtupa. Yupo pia anayedhani mnafuata Pensheni Jamii yake, ile fedha ya kila mwezi ya Serikali ya Zanzibar iliyoanza 2016 kwa waliofika miaka 70. Simlaumu, mgeni mwenye daftari akikuuliza umri, utawaza fedha. Kwa hiyo mhudumu hashiki kitambulisho cha mzee wala hamchukulii pesa.

4. Kuoga. Hapa ndipo wanafunzi wangu wengi huharibu. Anaona nguo imelowa mkojo, anasema, "Bibi, leo nikuogeshe." Basi, hafunguliwi mlango tena. Aanze na udhu. Bibi asiyeweza kuzuia mkojo huenda ameacha kusali kwa aibu na hajamwambia mtu. Adhuhuri ikishaingia, ampelekee maji ya vuguvugu na kigoda, amuulize kama angependa kumiminiwa. Akizoea mkono wako kwenye udhu, kuoga kutakuja kwa wakati wake. MAONYO: mwanamke kwa mwanamke, mwanamume kwa mwanamume. Wajukuu watoke. Kanga haivuliwi, anaoshwa chini ya kanga, na kavu inafunikwa kabla ya iliyorowa kutolewa. Hasemeshwi kitoto, nikisikia "haya tuoge tuwe wasafi" nasimamisha zoezi. Wala mhudumu asitoe fatwa. Suala la mkojo usiokatika bibi amuulize sheikh wake, atamwelekeza namna ya kusali.

5. Zoezi la darasani: mmoja alale, mwenzake amlishe uji akiwa amesimama, kimya. Wabadilishane, kila mmoja aonje ubaya wa kuhudumiwa hivyo.

6. Akikataa, aagwe vizuri, aulizwe siku ya kurudi. Mwenye akili timamu akisema hapana, ni hapana.

MASWALI

MwanaMwera: Nina bibi hataki kuoga, nianzie wapi?
Jibu: Hatua ya 4.
MwanaMwera: Ndefu sana hiyo.
Jibu: Isome hivyo hivyo.

Fundi_Ustawi: Mkuu naomba fomu zote, mafunzo ni kesho.
Jibu: Muulize afisa ustawi wa wilaya yako. Mimi nimesema siku ya kwanza hakuna fomu.

Jambiani_72: Babu alikubali jana, leo ananifukuza kama hajawahi kuniona. Mara ananiita jina la ndugu yake marehemu. Ni ukaidi?
Jibu: Ahsante kwa kuuliza kabla ya kumhukumu. Kama amebadilika ghafla, ndani ya siku moja mbili, apelekwe kituo cha afya: maambukizi, kukaukiwa maji, sukari kushuka, hata dawa mpya, vyote huvuruga akili ya mzee. Kama imekuja polepole kwa miezi, huenda ni maradhi ya kusahau, nayo pia yanataka daktari. Usimwambie "jana ulikubali". Hiyo jana yeye hanayo. Nenda saa ile ile, anza na jambo lile lile. Akikuita ndugu yake, muulize habari za ndugu huyo, atakusimulia. Na pima masikio: asiyesikia vizuri atajibu "sitaki" ili umwache.

Mchanga wa Wete: Wetu yuko kitandani, tunamkalisha juu ya pete ya nguo asipate vidonda. Sawa?
Jibu: Acheni pete, inabana damu pembezoni. Mgeuzeni kila baada ya saa mbili hivi. Ngozi zetu hazionyeshi wekundu, kwa hiyo papaseni: penye joto au ugumu msipasugue, na msimlalie upande huo.

Fundi_Ustawi: Na godoro linalonuka?
Jibu: Nailoni juu ya godoro, shuka juu yake, godoro juani asubuhi.

Jambiani_72: Mimi shuka nalikunja mara nne. Nailoni ikigusa mgongo anatoka jasho usiku kucha.