Kama Kalenga Isingeanguka: Jinsi ya Kuandika Adhabu ya Waliomsaidia Mvamizi

Wengi wanaojaribu kuandika historia mbadala, yaani hadithi za yale ambayo yangeweza kutokea, ya huku kwetu Nyanda za Juu Kusini huanzia tarehe 30 Oktoba 1894, siku ambayo jeshi la Friedrich von Schele, gavana wa Kijerumani, lilivunja ngome ya Kalenga, makao makuu ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Mwandishi humpa Mkwawa ushindi wa pili, unaofanana na ule wa Lugalo wa tarehe 17 Agosti 1891 ambapo Emil von Zelewski, kamanda wa Kijerumani aliyeitwa Nyundo, aliuawa pamoja na sehemu kubwa ya kikosi chake. Kisha hurukia moja kwa moja sura aliyokuwa akiitamani tangu mwanzo: watawala waliowaunga mkono Wajerumani wanaletwa wakiwa wamefungwa kamba, na nchi zao zinateketezwa. Nami niliandika hivyo hivyo. Rasimu yangu ya kwanza ilichoma Utengule, makao ya Merere, mtawala wa Wasangu aliyewaunga mkono Wajerumani, kwa kurasa tatu tu. Jirani yangu, mzee wa Kisangu, aliisoma yote barazani, akavua miwani, akaniuliza: "Mwanangu, hawa watu wako walivukaje Ruaha mwezi wa Desemba?"

Swali hilo ndilo la kuanza nalo, kabla ya kufikiria hatia ya mtu yeyote. Kalenga ilianguka kiangazi kikiisha, na mvua za huku huanza kati ya Novemba na Desemba, wakati kila mwenye mikono anatakiwa shambani, na nyanda za Usangu hugeuka tindiga hadi upande wa Ihefu. Kwa hiyo mwandishi achore kalenda ya mwaka mzima aibandike ukutani, aweke alama miezi ambayo jeshi linaweza kutembea na kula, na humo tu ndimo apange adhabu. Halafu ahesabu risasi. Lugalo iliwaachia Wahehe bunduki zipatazo 300, lakini risasi hazikutengenezwa Kalenga, na kila moja iliyofyatuliwa Usangu haitakuwapo siku Wajerumani watakaporudi kutoka pwani. Nao watarudi, kwa sababu kushindwa Kalenga hakukuwaondolea Bagamoyo wala Dar es Salaam. Kisa kinachosahau jambo hilo hakina uzito, hata lugha yake iwe tamu namna gani.

Baada ya kalenda ndipo mwandishi aamue nani anaadhibiwa, na kwa kosa lipi. Hapa nashauri kwenda polepole, maana neno "msaliti" huingia kwenye sentensi kirahisi kuliko linavyostahili. Merere, jina ambalo watawala wa Usangu walilirithi, hakuwa amemwapia Mkwawa utii. Wasangu na Wahehe walikuwa wamepigana tangu enzi za Munyigumba, baba yake Mkwawa, na Wasangu wakasukumwa kutoka nchini kwao hadi upande wa Usafwa, jirani na Mbeya ya leo. Kwao Mjerumani alikuwa njia ya kurudi nyumbani. Mbele ya baraza la Kalenga mtu kama huyo ni adui aliyepata mshirika, na adui hushindwa, hutozwa, au hufanywa mkwe. Hahukumiwi kwa uhaini. Mpangile ni habari nyingine kabisa. Huyu alikuwa ndugu yake Mkwawa, naye akakubali kusimikwa na Wajerumani mwishoni mwa mwaka 1896, kisha Wajerumani hao hao wakamnyonga mwanzoni mwa mwaka 1897 kwa kumshuku kwamba anamsaidia kaka yake kwa siri. Ukitaka sura moja ya mahakama yenye moto ndani yake, mwache Mpangile aishi na umpeleke mbele ya Mkwawa, kwa sababu hakuna ajuaye moyo wake ulikuwa wapi, na baraza litalazimika kuamua bila kujua.

Kwa anayetaka kuona jinsi washindi halisi walivyolikwepa swali la kuadhibu taifa zima, Ufaransa ya mwaka 1944 inatosha. Wamarekani walikuwa wamejiandaa kuitawala kijeshi, hata noti za faranga zilikwisha kuchapwa Marekani, lakini tarehe 9 Agosti serikali ya muda ya Charles de Gaulle ilitangaza kwamba utawala wa Vichy, ule wa Wafaransa walioshirikiana na Ujerumani, haukuwa na uhalali wowote tangu ulipoanza. Tangazo hilo lilihamisha hatia kutoka kwa nchi hadi kwa watu: Pierre Laval, aliyeongoza serikali ya Vichy, akapigwa risasi Oktoba 1945, hukumu ya kifo ya Philippe Pétain, mkuu wake wa nchi, ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, huku Ufaransa yenyewe ikipewa eneo lake la kukalia nchini Ujerumani na kiti cha kudumu katika Baraza la Usalama. Anayeandika kwamba Ufaransa iliadhibiwa kama nchi amwondoe kwanza de Gaulle, tuseme mwaka 1940, ndipo zile noti zipate kazi. Nasi huku tujiulize: ni nani Usangu angeweza kusimama na kusema kwamba yule aliyekwenda kwa Wajerumani hakuwa Merere halali? Kama yupo mdai wa namna hiyo ndani ya ukoo, adhabu inaweza kuwa kubadilisha mtawala tu, jambo la bei nafuu kuliko moto.

Aina ya malipo nayo ichunguzwe. Rasimu yangu ya pili ilitoza Usangu maelfu ya ng'ombe, na nilijiona mwerevu hadi nilipokumbuka sotoka, tauni ya ng'ombe iliyoingia Afrika Mashariki karibu na mwaka 1890 na kufyeka mifugo kila ilipopita. Huwezi kutoza kisichokuwapo. Pembe za ndovu, majembe, nafaka, wapagazi na vibarua wa kujenga ukuta upya ni malipo yanayosadikika zaidi, na kila moja hubadilisha maisha ya anayelipa. Finland, iliyopigana bega kwa bega na Ujerumani dhidi ya Urusi, ilitakiwa mwaka 1944 kulipa bidhaa za thamani ya dola milioni 300, zikiwamo meli na mashine, na ilipomaliza mwaka 1952 ilikuwa na viwanda vya chuma vikubwa kuliko ilivyoanza navyo. Deni la majembe lingewafanya nini wahunzi wa Usangu? Mimi ningeandika sura nzima juu ya swali hilo peke yake.

Usiamini pia kwamba kilichoandikwa hutekelezwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika ibara ya 246, uliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu la Mkwawa, lililochukuliwa na Wajerumani baada ya kifo chake, ndani ya miezi sita. Lilifika Kalenga mwaka 1954, likiletwa na Gavana Edward Twining. Basi weka katika kisa chako mtu ambaye kazi yake ni kwenda kudai, mwaka baada ya mwaka, na umwonyeshe akirudi mikono mitupu.

Mwisho, sogeza hadithi mbele angalau miaka kumi. Vita vya Maji Maji vilipoanza mwaka 1905, Wahehe wengi walikuwa upande wa Wajerumani, kizazi kimoja tu baada ya Lugalo. Katika ulimwengu wako mambo yatakuwa tofauti, lakini watoto wa walioadhibiwa watakuwa wameshika silaha, na lazima ujue wataielekeza wapi. Rasimu ikikamilika, isomwe na Mhehe na Msangu wakiwa pamoja, maana watani hawataoneana haya, na palipopindishwa pataonekana mara moja.

Rasimu yangu ya tatu inaanza Agosti 1895, maji ya Ruaha yakiwa magotini, na wajumbe wa Merere wamevuka kabla ya jeshi, wamebeba majembe kumi na mawili na kumwomba Mkwawa awatajie deni.