Kabla ya kuteremka Bonde la Ufa: maandalizi ya safari ya Hell's Gate

Kutoka Nairobi hadi lango la Elsa la Mbuga ya Kitaifa ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, ni kama kilomita 90 tu, na ukaribu huo ndio unaowaponza wengi. Mtu huamka Jumamosi bila haraka, akanywa chai, akawaingiza watoto garini na chupa moja ya soda, akaondoka kama anayekwenda sokoni. Lakini njia hiyo fupi inapita kwenye ukungu wa Limuru, inateremka ukuta wa Bonde la Ufa, kisha inakufikisha mahali ambapo ardhi inachemka na maji ya mafuriko yanaweza kukukuta huku anga juu yako haina wingu. Naomba uiandae kama unavyoiandaa safari ya kwenda ushago Desemba.

Cha kwanza ni breki. Wiki moja kabla, peleka gari kwa fundi unayemwamini, akague pedi na mafuta ya breki. Mafuta ya breki yakikaa muda mrefu hunywa unyevu. Breki zikishika moto, unyevu ule huchemka na kutoa mapovu, na pedali inazama mguuni bila gari kupunguza mwendo. Mjini huenda usiligundue tatizo hilo kwa miezi. Kwenye mteremko wa Mai Mahiu utaligundua kwa dakika chache.

Ukipita Limuru una njia mbili. Ya juu inapitia Kinale, Soko Mjinga na Kinungi hadi Naivasha. Ya chini inateremka hadi Mai Mahiu. Hii ya chini ilijengwa na wafungwa wa kivita wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na kanisa dogo walilolijenga mwaka 1942 bado limesimama kando ya barabara. Ndiyo yenye mandhari: bonde lote linafunguka mbele yako, na Longonot, mlima wa volkano wenye urefu wa mita 2,776, unasimama katikati ya tambarare. Lakini ndiyo njia ya trela na malori, nayo ni nyembamba, yenye kona kali. Kwa dereva anayeipita mara ya kwanza, au mvua ikiwa imenyesha, ushauri wangu ni kupita juu. Mafuriko ya Aprili 29, 2024, yaliyoua makumi ya watu karibu na Mai Mahiu, yalishuka alfajiri wakati watu wamelala. Miteremko ile ikishiba maji si ya kuchezewa.

Ukiamua kupita chini, teremka kwa gia ndogo, ya pili au ya tatu, ili injini ndiyo ishike gari na breki zisaidie tu. Gari la otomatiki nalo lina gia ya mteremko. Jifunze iko wapi kabla ya kutoka nyumbani, si ukiwa konani na lori nyuma yako. Mimi niliwahi kuteremka pale mguu ukiwa juu ya breki tangu juu hadi karibu na chini, na harufu ya kuungua ilipoingia ndani ya gari, mama yangu ndiye aliyeniambia nisimame. Tulikaa pembeni karibu nusu saa magurudumu yapoe. Usiyamwagie maji. Subiri tu. Na ukitaka kupiga picha, simama kwenye vituo vya kutazamia bonde, pale wanapouza kofia na ngozi za kondoo, usisimame popote barabarani kwa sababu mandhari imekuvutia.

Ukungu wa upande wa Limuru na Kinale huwa mzito asubuhi, hasa kati ya Juni na Agosti. Kwa hiyo kutoka nyumbani saa kumi alfajiri si busara kama wengi wanavyodhani. Toka saa kumi na mbili na nusu, washa taa za mbele zikiwa zimeshushwa, usiwashe taa kali, maana ukungu huurudisha mwanga machoni pako. Hakikisha una tairi ya spea iliyojaa upepo, jeki inayofanya kazi, pembetatu za tahadhari, kizimamoto na sanduku la huduma ya kwanza. Maji ya rejeta yaangaliwe injini ikiwa baridi, kwa kuwa kurudi ni kupanda ukuta ule ule.

Pesa na tarehe ni mambo mepesi, lakini huharibu safari za watu. Malango ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, hayapokei fedha taslimu. Lipa mapema mtandaoni kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na uhifadhi risiti kwenye simu ili usitegemee mtandao ukifika. Mbuga hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Angalia pia kalenda ya Safari Rally, mashindano ya mbio za magari: tangu mashindano hayo yarudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, makao yake yamekuwa Naivasha, na wiki hiyo barabara hujaa, vyumba hupanda bei, na huwezi kuwa na hakika ya kuingia mbugani kwa kawaida.

Hell's Gate ni ndogo, kilomita za mraba 68 na kidogo, na ni miongoni mwa mbuga chache za Kenya unazoruhusiwa kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli katikati ya pundamilia, twiga, kongoni na ngiri. Hiyo ndiyo raha yake. Baiskeli zinakodishwa kwenye njia panda ya barabara ya Moi South Lake na tena karibu na lango. Kabla ya kulipa, jaribu breki zote mbili, badilisha gia zote, ukague mnyororo. Kutoka lango la Elsa hadi karibu na korongo la Ol Njorowa ni kama kilomita 8 kwenye vumbi la volkano, na kivuli ni haba. Beba angalau lita mbili za maji kwa kila mtu, kofia, na viatu vilivyofunika vidole, maana mawe ya kioo cha volkano yaliyotapakaa kule hukata kama wembe. Nyati wapo pia. Ukimwona karibu na njia, simama mbali umwachie muda wake. Chakula kifungwe ndani ya begi: nyani hawangoji kukaribishwa.

Sasa korongo lenyewe, na hapa naomba usome polepole. Ol Njorowa ni njia ya maji iliyochongwa kwenye majivu laini ya volkano, nyembamba kiasi kwamba kuna mahali unagusa kuta zote mbili kwa mikono. Mvua ikinyesha mbali juu vilimani, maji yote hukusanyika na kujipenyeza humo, na kina hupanda kwa dakika. Vijana wa kundi la kanisa walifia humo Aprili 2012. Septemba 2019 watalii wengine wakasombwa, tena wakati ambao wengi hatuuhesabu kuwa msimu wa mvua, na korongo likafungwa. Kwa hiyo kalenda ya masika na vuli haitoshi. Angalia utabiri wa eneo zima la Naivasha na vilima vyake jana yake na asubuhi ile, kisha langoni uulize kama njia ya korongoni iko wazi siku hiyo. Ikiwa imefungwa, usimfuate mtu yeyote anayekuambia anaijua njia ya pembeni. Ikiwa iko wazi, shuka na kiongozi anayetambuliwa na mbuga, na kabla ya kushuka mwambie akuonyeshe mahali pa kutokea. Mawingu meusi upande wowote wa upeo ni sababu tosha ya kubaki juu. Hata kama mmetoka mbali. Hata kama watoto watalia.

Joto la ardhini linataka uangalifu wake. Jina Mai Mahiu kwa Kikuyu ni maji ya moto, na ukifika Olkaria, eneo la mitambo ya umeme wa mvuke wa ardhini, utaelewa. Visima vya majaribio vilichimbwa huko tangu 1956, na mwaka 1981 mtambo wa kwanza ukaanza kuzalisha umeme. Leo jotoardhi, yaani joto hilo la ardhini, hutoa kama asilimia 40 ya umeme wa Kenya. Mabomba makubwa ya mvuke yanapita kando ya barabara. Usiyaguse wala usiruhusu mtoto ayapande. Ndani ya korongo maji yanayotiririka ukutani mahali pengine yanaunguza, kwa hiyo mkono wa mtoto uwe mkononi mwako, na sandukuni pawe na bandeji safi. Palipoungua pamwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20, si dawa ya meno. Harufu ya mayai viza ni gesi ya salfa. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta, na mapambo ya fedha yaachwe nyumbani kwa sababu gesi hiyo huyatia weusi. Ukipanga kuoga kwenye bwawa la maji ya jotoardhi la Olkaria, beba nguo za kubadilisha na maji ya kunywa ya ziada, kwani maji ya moto hukausha mwili bila wewe kuhisi.

La mwisho liamuliwe kabla hamjafunga mlango wa nyumba: nani ataendesha gari kurudi. Aliyeendesha asubuhi, akapiga baiskeli kilomita 16 juani, kisha akakaa saa nzima kwenye maji ya moto, atasinzia Kinungi, na Jumapili jioni msongamano wa kurudi Nairobi ni mrefu. Mpeni usukani aliyepumzika, mwondoke saa tisa, mpande ukuta wa bonde kukiwa bado na mwanga.