Ukisafiri na kazi ya mtandaoni, malizia maandalizi Nairobi

Ndugu zangu mnaofanya kazi mtandaoni kutoka ughaibuni, wengi wenu hupita Nairobi kuwaona wazee, kisha safari ikaendelea: Guangzhou kuchukua mzigo, Dubai, au Kampala kwenye harusi ya binamu. Nawasihi, mambo yote ya mtandao yamalizeni hapa kabla ya kwenda uwanja wa ndege. Mkifika huko, hata mahali pa kutafutia msaada patakuwa pamefungwa.

Nayasema haya kwa sababu yalinipata. Mara ya kwanza nilitua Guangzhou kazi ya mteja ikiwa kwenye hifadhi ya Google, nayo haikufunguka. Uchina ilizuia Facebook mwaka 2009, Gmail mwishoni mwa 2014, na WhatsApp ikafuata 2017. Nikasema nipakue VPN, programu inayopitisha mtandao wako kwenye mitambo ya nchi nyingine. Duka la Google Play halifunguki kule, na Apple iliziondoa programu nyingi za aina hiyo katika duka lake la Uchina mwaka 2017. Nikageukia barua pepe yangu nyingine, ikadai namba ya kuthibitisha iliyotumwa kwenye laini yangu ya Kenya, na laini hiyo sikuwa nimeifungulia romingi, yaani huduma ya kuitumia nje ya nchi. Siku mbili zikapotea, na mteja alikuwa na haki ya kukasirika.

Romingi ndiyo jambo ambalo ningependa mtu angenieleza mapema. Laini ya Kenya ikiwa kwenye romingi, data yake kwa kawaida hupelekwa kwanza hadi kwenye mitambo ya kampuni yako nyumbani, ndipo iingie intaneti. Ndiyo maana WhatsApp hufunguka kwa laini hiyo ukiwa katikati ya Guangzhou, lakini ukishika tu Wi-Fi ya hoteli, inakwama. Laini za eSIM (zisizo na kadi, zinazowekwa ndani ya simu) za wasafiri zinazonunuliwa nje ya Uchina nyingi hufanya kazi vivyo hivyo. Uliza bei ya bando kabla ya kuondoka, kisha itumie kwa ujumbe na mafaili madogo. Video zitakumalizia pesa.

Namba za kuthibitisha usiziachie SMS peke yake. Weka programu ya kuzitengeneza ndani ya simu, kwani hiyo haihitaji mtandao, na zile namba za akiba ambazo akaunti hukupa za kuingilia ukikwama, ziandike kwenye karatasi. Mafaili ya kazi yawe ndani ya kompyuta yenyewe. Kubaliana na mteja njia ya pili ya kupokea kazi, na mkumbushe saa: saa tatu asubuhi ya Nairobi ni saa nane mchana Guangzhou. Na mama je? Msajilie WeChat, programu ya Kichina ya ujumbe na simu, ukiwa bado umeketi naye sebuleni, umfundishe kupiga simu, asije akakosa usingizi kwa kutokusikia.

Dubai hali ni tofauti. Ujumbe wa WhatsApp unapita, simu zake hazipiti. Zoom na Teams hutumika kwa mikutano ya kazi, kwa hiyo hamishia mikutano yako huko. Usikimbilie VPN kwa kuwa rafiki amekuambia kila mtu anaitumia: sheria ya Imarati inatoza faini ya dirhamu 500,000 hadi 2,000,000 kwa anayeitumia kutenda au kuficha kosa. Kama mwajiri wako ana VPN ya kampuni, mwombe maelekezo kwa maandishi.

Hapa kwetu nako tuangalie. Uganda imezuia Facebook tangu Januari 2021, na hilo unaweza kuishi nalo. Mtandao mzima kuzimwa ni jambo jingine, kama ilivyokuwa Uganda wakati wa uchaguzi mwezi huohuo, na Tanzania siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025. Hapo VPN haikusaidii, kwani nayo inahitaji intaneti ili ifanye kazi. Tazama kalenda ya uchaguzi kabla ya kukata tiketi, na kama ni lazima uende, tuma kazi kabla ya wiki ya kura.

Mimi nikienda Arusha humwachia dada yangu wa South B, hapa Nairobi, anwani ya mteja na ujumbe niliokwisha kuuandika: mtandao umekatwa, kazi iko tayari, nitaituma nikivuka mpaka wa Namanga kurudi Kenya. Nikimpigia simu ya kawaida, au nikikaa siku nzima bila kusikika, anautuma.