Rafu ya meko ifuate bustani: namna ninavyopamba sebule yetu Arusha

Nyumba yetu iko Ilboru, upande wa mlimani. Ni ya zamani, na sebuleni kuna meko ya ukutani ya mawe meusi ya volkano. Juu ya meko pana rafu ya mbao ya mninga, urefu futi 6, upana shubiri moja tu. Tulipohamia niliijaza siku ileile: picha za harusi, vikombe vya michezo vya watoto, saa, redio, maua ya plastiki. Haukupita mwezi hakuna mtu aliyekuwa akiitazama tena.

Mwaka uliofuata nikaiga picha za magazeti. Septemba nikatafuta majani makavu ya rangi ya kahawia na maboga, Desemba nikatandaza pamba iwe theluji. Huko Ulaya na Marekani picha hizo zinasema kweli, kwa sababu Septemba miti yao inaanza kupukutisha majani na Desemba kuna baridi kali. Hapa kwetu Septemba ni vumbi na upepo, na mijakaranda inajiandaa kuchanua. Mgeni alikuwa akitoka kwenye jua la barabarani anaingia ndani anakuta pamba. Ndipo nilipoamua rafu yangu ifuate kilichopo nje ya mlango: kipupwe, vuli, kiangazi, masika.

Kabla ya chochote, toa vyote. Futa rafu kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, ikaushe, kisha iache tupu siku nzima. Pita mbele yake asubuhi na jioni, uone mwanga unatoka wapi na macho yako yanatua wapi unapoingia mlangoni. Kwangu macho yanatua kushoto, kwa hiyo kitu kirefu kinakaa kushoto. Ni kioo cha fremu ya mbao, nimekiegemeza ukutani, na chini nimekizuia kwa misumari miwili midogo kisiteleze. Kinashika dirisha linalotazama Meru, na siku mlima ukiwa wazi unauona mara mbili. Karibu na kioo kuna chungu cha udongo kutoka Upareni, na mbele yake kibuyu kidogo. Hivyo vitatu haviondoki mwaka mzima. Kuanzia hapo kwenda kulia kuna nafasi tupu ya kama futi 2, na hiyo nailinda kuliko kitu chochote, maana rafu ikijaa, jicho halipati pa kushika.

Kipupwe ndicho kipindi cha kazi yenyewe, kwa sababu ndipo moto unawaka. Mji wetu uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto linaweza kushuka hadi nyuzi 12. Kwa hiyo hapa mapambo yanakaa juu ya moto halisi, na usalama ndio unaoamua kinachokaa wapi. Kanuni za ujenzi za Marekani zinataka mbao isikaribie mdomo wa meko kwa chini ya inchi 6. Pima ya kwako. Kisha fanya jaribio langu: washa moto kama kawaida yako, subiri saa moja, weka kiganja juu ya rafu, halafu kwenye ukingo wake wa mbele. Palipo na joto la kukufanya uondoe mkono, usiweke mshumaa, jani kavu wala kitambaa. Kwangu ni sehemu ya katikati, upana wa mikono miwili, na hapo kipupwe chote panabaki patupu. Shuka nyekundu ya Kimasai naikunja mara nne naiweka mwisho kabisa wa rafu, kulia, bila kuacha ncha ikining'inia mbele ya mdomo wa meko.

Pambo langu la kipupwe ni mahindi. Yanavunwa Julai na Agosti huku kwetu, na mahindi yaliyokaukia shambani yana rangi ambayo dukani huipati. Chagua magunzi 7 au 9 yenye punje zilizojaa na maganda mazima. Menya maganda kwa kuyarudisha nyuma bila kuyang'oa. Yafute kwa kitambaa kibichi ili yalainike, kisha yasuke kama unavyosuka nywele za mtoto, mikia mitatu. Kila ukigeuza msuko, ongeza gunzi jingine, maganda yake yaingie kwenye mkia ulio karibu. Mwisho funga kwa kamba ya katani. Ning'iniza ukutani pembeni ya meko, umbali wa mkono mzima kutoka kwenye mdomo, kwa sababu maganda makavu yanashika cheche upesi sana.

Mwaka wa kwanza nilikosea hatua moja. Siku chache baada ya kuyaning'iniza nikaona unga mweupe sakafuni, nikadhani ni chokaa ya ukuta. Nikafagia. Kesho yake ukawepo tena. Usiku nyumba ilipotulia nikasikia sauti ndogo, kama mtu anatafuna karanga chumba cha pili. Walikuwa dumuzi, wale wadudu wa mahindi ya ghalani, na walikuwa wameshaanza kutoboa fremu ya picha ya marehemu baba. Sasa mahindi yangu yote naanza kuyafunga kwenye mfuko wa plastiki na kuyaweka kwenye friza siku 4. Nikiyatoa nayaacha ndani ya mfuko hadi yapoteze ubaridi, ili maji yatonee nje ya mfuko na punje zibaki kavu. Ukikosa friza, omba nafasi kwa jirani. Na usichukue mahindi yaliyotiwa dawa ya ghalani. Yatakuwa yanashikwa na watoto.

Agosti nikipata tawi la kahawa lenye buni nyekundu naliweka kwenye chungu. Hukaa vizuri, ila likinyauka linadondosha, litoe mapema.

Mwishoni mwa Septemba moto unapumzika, nami nakunja shuka. Oktoba mijakaranda inachanua, na barabara za mjini zinakuwa zambarau juu na chini. Kila mwaka naona watu wanakata matawi na kuyatia kwenye chupa, na kila mwaka kesho yake wanabaki na fimbo tupu. Ua la jakaranda halivumilii kukatwa. Liokote. Toka asubuhi kabla miguu na magari havijapita, beba bakuli pana, okota yaliyoanguka usiku, yaliyo mazima. Yatikise kwanza, nyuki huwa wanalala humo ndani. Jaza maji kwenye bakuli la kina kifupi, yaelekeze midomo juu, uyaache yaelee. Weka bakuli mbele ya kioo. Jioni ukiwasha taa, kioo kinayaongeza maradufu na ukuta unapata kivuli cha zambarau. Kesho mwaga, okota mengine. Ni kazi ya dakika 10, na mimi huifanya kwa hiari yote, kwa kuwa msimu wenyewe ni mfupi.

Vifuko vyake vya mbegu, vile vya mviringo vilivyo bapa na vigumu kama mbao, vitunze. Vinadumu miaka. Mimi navitoboa na kuvitunga kwenye kamba ya katani.

Waridi tunalo mwaka mzima kwa sababu ya mashamba ya maua ya upande wa Tengeru na Usa River, kwa hiyo kwangu halina msimu. Naliita pale bustani inapokuwa kimya. Kata mwisho wa shina kwa mshazari, toa majani yote yatakayozama, badilisha maji kila baada ya siku 2. Na jambo ambalo wengi hawalijui: usiliweke karibu na ndizi mbivu. Tunda likiiva linatoa gesi inayozeesha maua upesi. Nyumba nyingi za hapa zina mkungu umening'inia karibu na sebule, halafu watu wanamlaumu muuza maua.

Desemba mkrismasi unawaka mwekundu, nami nachukua kitawi kimoja tu, kinakaa siku mbili. Kijani nakipata kwenye matawi ya msaiprasi, ambayo nayapanga kulala juu ya rafu yakielekea kulia, marefu chini, mafupi juu, bila gundi. Yana mafuta ndani yake, yakishika moto yanalipuka, kwa hiyo siku yakiwa juu meko hayawashwi wala mshumaa hauwekwi. Tunavaa sweta.

Mwaka mmoja niliona majani ya sale uani kwa mama mkwe, Marangu, marefu na ya kijani kibichi, nikayakata manne nikayaleta nyumbani na kuyasimamisha kwenye chungu. Yalipendeza mno. Mama alipokuja kututembelea akasimama mbele ya rafu kimya, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hilo tunalishika tukienda kuomba radhi. Hapo umemkosea nani?" Nikayatoa jioni ileile. Akanieleza habari zake mpaka usiku, na nikaelewa kwamba jani lile lina kazi yake. Kwa hiyo kama unaishi na Wachaga, au umeolewa kwao kama mimi, uliza kwanza kabla ya kuchuma.

Januari na Februari sipambi. Ni kiangazi, vumbi linaingia hata kwenye droo, na nyumba inapenda uwazi. Kioo, chungu, kibuyu, basi. Ndani ya meko, mahali pa kuni, naweka mtungi wa maji wa udongo, na chumba kizima kinaonekana kimepoa.

Masika yana shida yake: unyevu. Kitu chochote kikavu kitaota ukungu, kwa hiyo ifikapo Machi kamba ya vifuko vya jakaranda na mahindi vinaingia kwenye sanduku pamoja na gazeti kavu. Badala yake naleta vitu vinavyopenda maji. Mayungiyungi meupe yanaota kwenye mfereji wetu bila kupandwa. Matano yanatosha, marefu manne upande wa kushoto na moja fupi limeinama kulia. Yatie kwenye maji machache, inchi 3, shina lake ni laini na linaoza likizama sana. Jumapili ya Matawi nafunga makuti tuliyotoka nayo kanisani kwenye fremu ya kioo, na hapo yanabaki hadi Pasaka.

Mvua inashuka kwenye dohani, na majivu yakilowa yanatoa harufu inayoshinda maua yote. Zoa majivu yote kabla ya mvua za kwanza, uyapeleke kwenye migomba. Mwishoni mwa Mei, kabla ya kurudisha shuka, chungulia dohani kwa tochi kama ndege wamejenga, kisha washa gazeti lililokunjwa ulinyanyue juu ndani ya meko. Moshi ukipanda moja kwa moja, unaweza kuleta kuni. Ukirudi sebuleni, vua vitu vyote rafuni kwanza, kwa sababu masizi ya moto wa kwanza hayachagui.