CD Pleya ya Mtumba: Kagua Lenzi Kwanza, Chipu Baadaye

Anayetafuta CD pleya ya miaka ya 1980 au 1990 mara nyingi huanza na jina la chipu, yaani ile inayogeuza namba za CD kuwa sauti. Anaitaka TDA1541A ya Philips kwa sababu amesikia sifa zake. Sifa hizo si za bure, lakini chipu si kitu kinachokufa upesi. Ikipata umeme uliotulia hukaa miongo mizima. Vinavyokufa ni lenzi, yaani kile kitengo kizima cha leza, pamoja na raba ya trei, gia za plastiki na kapasita. Kwa hiyo kabla hujaanza kupatana bei, uliza jambo moja: lenzi ya mashine hii ni namba gani, na ikifa leo nyingine inapatikana?

Pleya nyingi za zamani zinaingia katika koo mbili. Upande wa Philips, na wote waliotumia vifaa vyake kama Marantz, kuna CDM-1, CDM-2, CDM-4 na CDM-9, ambazo lenzi yake iko kwenye mkono unaozunguka kidogo kwenye ekseli. Ni imara, hasa CDM-1 yenye bodi ya chuma, ila hazitengenezwi tena. Ikifa, spea yake ni mashine nyingine iliyokufa kwa sababu tofauti. Upande wa Sony kuna KSS-240A, KSS-213 na ndugu zake, zinazoteleza kwenye reli. Hizi bado unazipata mpya, ingawa nyingi ni nakala, na ubora wa nakala haulingani: moja itasoma vizuri miaka, nyingine itaruka wiki ya pili. Kwa asiyekuwa na fundi wa karibu, pleya ya KSS-213 ni chaguo lenye akili kuliko ile ya kifahari isiyo na spea. KSS-213 mpya huja na tone la risasi ya kulehemu kwenye sakiti yake ndogo, linalounganisha pini ili umeme tuli usiue leza. Tone hilo huondolewa baada ya kuchomeka waya bapa. Fundi akilisahau atakuambia lenzi mpya ni mbovu, nawe utanunua ya pili bure.

Umeme nao umeua mashine nyingi. Geuza pleya usome kibandiko cha nyuma. Iliyotengenezwa kwa soko la Japani imeandikwa 100V, ya Marekani 120V. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye soketi ya Dar es Salaam au Nairobi, transfoma inaungua. Utahitaji transfoma ya kushusha umeme. Pleya hutumia kama wati 10 hadi 25, hivyo transfoma ya wati 50 hadi 100 inatosha kwa raha. Lakini angalia inashusha hadi ngapi. Zinazouzwa sana zinatoa 110V, na umeme wa mtaani ukipanda zinavuka hapo. Mashine ya 100V italishwa umeme uliozidi haki yake kwa asilimia 10 au zaidi, na kila rekuleta, yaani kidhibiti cha volti, ndani itachemka. Tafuta yenye 100V kamili. Pleya za Ulaya za miaka ya 1980 ziliandikwa 220V. Kwenye 240V zinafanya kazi, ila zina joto zaidi, basi usizifungie ndani ya kabati wala usiweke amplifaya juu yake. Plagi ya pini tatu iwe na fyuzi ya ampea 3, si 13.

Siku ya kwenda kuiona, beba CD halisi yenye zaidi ya dakika 70, CD moja ya kuchoma kwenye kompyuta, hedifoni au spika ndogo yenye amplifaya, waya wa RCA, tochi, bisibisi ya nyota na mita ya umeme. Muombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Mashine iliyopashwa moto tangu asubuhi huficha ugonjwa wa kuanza baridi.

Iwashe, fungua trei. Ikisita, ikitoka nusu au ikihitaji kusaidiwa kwa kidole, ni raba iliyolegea. Hilo ni tatizo la bei ndogo, usiikimbie mashine kwa ajili yake. Litumie kupunguza bei. Trei inayotoa mlio wa meno kuruka ni habari nyingine, maana gia imepasuka na gia mara nyingi haina mbadala wa dukani. Weka CD halisi. Idadi ya nyimbo ionekane ndani ya sekunde chache. Ikizungusha, ikasimama, ikajaribu tena, lenzi ni chafu au imechoka.

Kisha ruka kutoka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho na kurudi, mara kadhaa. CD husomwa kutoka katikati kwenda ukingoni, ikizunguka karibu mara 500 kwa dakika mwanzoni na kama 200 mwishoni. Ndiyo maana CD fupi haikuambii chochote kuhusu ukingo. Grisi iliyoganda kwenye reli huonekana pale lenzi inaposafiri mbali. Mota iliyochakaa huonekana zaidi wimbo wa kwanza, ambako mwendo ni mkali. Acha wimbo wa mwisho uishe wote.

Sasa weka CD ya kuchoma. Hii huakisi mwanga kidogo kuliko CD ya kiwandani, kwa hiyo leza dhaifu huumbuka hapa. Pleya za miaka ya mwanzo hazikutengenezwa kwa ajili yake na nyingine huikataa bila kuwa mbovu, lakini inayoisoma bila kusita ina leza yenye afya. Usiihukumu kwa CD-RW, ambayo huakisi kidogo mno. Pleya nyingi za zamani haziisomi kabisa.

Halafu iache icheze dakika 40 hivi huku mnaongea mengine. Lehemu zilizopasuka na kapasita zilizokauka hujitokeza mashine ikishapata moto. Pleya za mwanzo za Philips zina ugonjwa unaojulikana: riveti ndogo zinazounganisha pande mbili za sakiti hupoteza mguso, mashine ikagoma leo na kukubali kesho. Dawa ni kulehemu upya kila riveti. Kazi ya nusu siku, si ya kutisha, ila ihesabu kwenye bei. Ukisikia upande mmoja wa sauti unakwaruza au kufifia kisha unarudi, shuku rilei, yaani swichi ndogo ya umeme, ya kunyamazisha sauti karibu na soketi za nyuma. Baada ya hapo pima volti za DC kwenye soketi hizo, bila CD kucheza: milivolti chache ni sawa, nusu volti si sawa.

Kama muuzaji anakubali kufungua kifuniko, kwanza chomoa umeme. Leza ya CD ni ya nanomita 780, karibu haionekani kwa jicho, na kutoiona si kinga. Tafuta kapasita zilizovimba kichwa au kuvuja, kutu kwenye skrubu, na ile skrubu ndogo ya kurekebisha nguvu ya leza. Ikiwa rangi yake ya kiwandani imevunjwa, mtu ameipandisha ili lenzi iliyochoka isome siku mbili tatu za kuuzia. Mashine ya namna hiyo iache. Lenzi ikiwa na vumbi tu, pamba yenye isopropili ya asilimia 99 inatosha, kwa mkono mwepesi. Spiriti ya dukani huacha utando, na manukato ndiyo mabaya zaidi. Chipu ya SAA7220, kichujio cha dijitali cha Philips, ukiigusa utakuta ina moto, ndivyo ilivyo. Mashine iliyokaa Mombasa, Tanga au Unguja ikaguliwe soketi na miguu ya sakiti kwa makini zaidi, kwa sababu hewa ya chumvi hula shaba.

DAC ya kando, yaani kisanduku cha kugeuza dijitali kuwa sauti nje ya pleya, ina vya kukagua vichache kwa kuwa haina kinachozunguka. Cha kwanza ni adapta. Baadhi zinataka AC, si DC. DacMagic ya Cambridge Audio ni mfano, inakula 12V AC. Ukinunua bila adapta yake, soma alama karibu na tundu kabla ya kuchomeka ya modemu. Cha pili ni kasi ya sampuli za sauti inayoweza kupokea. Chipu ya kupokea CS8412 inaishia kilohezi 48, CS8414 inafika 96. Kwa USB, PCM2704 inaishia biti 16 na kilohezi 48. Kwa CD yenye 44.1 zote zinatosha. Ukiiunganisha na televisheni kwa waya wa mwanga, weka sauti ya televisheni kwenye PCM, yaani dijitali isiyobanwa, la sivyo utapata kimya au kelele ya kuumiza masikio. Waya wa shaba wa dijitali uwe wa omu 75. Wa antena wenye plagi za RCA unafaa.

TDA1541A yenye alama ya taji, ile iitwayo S1 inayosifiwa kuliko ya kawaida, inaghushiwa sana, kwa kufuta maandishi ya chipu ya kawaida na kuandika upya. Usiongeze hela kwa ajili ya taji.

Mkishakubaliana, toa CD ndani na uliza skrubu za safari. Pleya nyingi zina skrubu chini ya tumbo zinazobana kitengo cha lenzi kisiruke njiani. Zikaze kabla ya kupandisha kwenye basi, na zilegeze kabla ya kuwasha nyumbani; pleya iliyosahauliwa skrubu zimekazwa huruka ovyo kila mtu akipita chumbani.