Kabla hujavuka jimbo na bastola

Mpwa wangu Saidi anaishi Columbus, Ohio. Ijumaa baada ya sala ya alasiri alinipigia simu, mimi nimekaa kibarazani hapa Chake, Pemba, karafuu za mamake zimeanikwa mkekani mbele yangu. Akanambia wanakwenda harusini Silver Spring, Maryland, kwa gari, yeye na mkewe na mtoto. Kabla hajakata simu akasema, "Na ile bastola yangu naichukua, mjomba. Kibali si ninacho?"

Nilimwambia asiwashe gari mpaka anisikilize. Nimeendesha malori Marekani miaka kumi na tatu, na niliyomwambia nayaandika hapa kwa vijana wetu wengine walioko kule, kwa sababu khatari hii inawakuta watu wasio na nia mbaya.

Anza na viza yako. Ukiwa kule kwa viza ya muda, ya masomo au ya matembezi, sheria ya nchi nzima inakukataza kumiliki bunduki na hata risasi, ila kwa njia chache kama leseni ya uwindaji. Usimsikilize rafiki anayekwambia "nishikie tu hii." Mwenye ukaazi wa kudumu, kama Saidi, ndiye anayeweza kuendelea kuyasoma haya.

Sasa kibali chenyewe. Leseni ya gari ya Ohio utaendeshea majimbo yote, lakini kibali cha kubeba silaha iliyofichwa hakiko hivyo. Hakuna sheria ya taifa inayolilazimisha jimbo kutambua kibali cha jirani yake. Desemba 2017 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha mswada wa kulazimisha hilo, ukaishia Seneti. Kila jimbo lina orodha yake ya vibali linavyovitambua, na orodha hubadilika.

Mimi karatasi ndiyo iliyonidanganya. Nilichapisha orodha, nikaikunja, nikaipachika kwenye kizuia jua cha lori, nikaitembelea kwa muda mrefu. Desemba 2015 mwanasheria mkuu wa Virginia, Mark Herring, akatangaza kwamba jimbo lake litaacha kutambua vibali vya majimbo 25. Kabla tangazo halijatekelezwa, gavana na wabunge wa jimbo wakapatana vingine, na kuanzia Julai 2016 Virginia ikatambua vibali vya majimbo yote, kwa mwenye umri wa miaka 21 na zaidi. Ilikuwa nusu mwaka tu, na karatasi yangu haikujua lolote kati ya hayo. Niliichana. Tangu hapo nilikuwa nafungua tovuti ya polisi wa jimbo au ya mwanasheria mkuu wa jimbo lenyewe, asubuhi ya safari, na kutazama tarehe ya ukurasa.

Kwa hiyo chukua ramani, upitishe kidole juu ya barabara yako. Ya Saidi ni I-70: Ohio, West Virginia, kipande cha Pennsylvania, halafu Maryland. Kila mpaka, uliza upya. West Virginia tangu 2016 haidai kibali kwa mwenye miaka 21. Pennsylvania inataka uangalie orodha ya mwanasheria wake mkuu, tena uangalie kibali chako kimetolewa na jimbo unaloishi au la. Mwaka 2013 walibadilisha makubaliano yao na Florida, na wakaazi wa Pennsylvania waliokuwa wakitembea na kibali cha Florida wakajikuta hawana kitu. Michigan na Colorado nazo zinatambua kibali cha mkaazi tu. Na Maryland haitambui kibali cha jimbo lolote jingine. Hapo ndipo safari ya bastola ya Saidi ilipokwama.

Kuna mtego mwingine mpya. Tangu Juni 2022 Ohio inaruhusu mtu mzima wa miaka 21 kubeba bila kibali, na vijana wengi wameacha kukichukua. Mwanangu, kichukue. Jimbo linalotambua kibali cha Ohio haliwezi kutambua kisichokuwepo. Tena sheria ya taifa inakataza silaha karibu na skuli, futi 1,000, kama mita 305 hivi, na anayesamehewa kwa kibali ni yule aliyepewa na jimbo ile skuli ilipo. Ukivuka mpaka, kibali chako cha nyumbani hakikukingi hapo.

Ikiwa ni lazima upite na silaha katika jimbo lisilokutambua, ipo sheria ya 1986 ya mpita njia. Bastola iwe haina risasi, na yenyewe pamoja na risasi zake visifikike kutoka ulipokaa. Buti ndiyo mahali pake. Gari lisilo na buti, tia kwenye sanduku lenye kufuli, na droo ya dashibodi haihesabiki hata ukiifunga. Uwe na haki ya kuibeba unakotoka na unakokwenda pia. Na upite kweli, usilale njiani kwa jamaa siku tatu.

Nilimhadithia pia habari ya mama mmoja wa Philadelphia. Mwaka 2013 alisimamishwa New Jersey kwa kosa la barabarani, akamwambia askari mwenyewe, kwa uungwana, kuwa ana bastola na kibali cha Pennsylvania. Alikamatwa, akakabiliwa na kifungo cha miaka, mpaka gavana Chris Christie alipomsamehe mwaka 2015. Mama wa watoto, hakuwa na rekodi yoyote ya uhalifu. Kila nikiikumbuka habari ile moyo unanisinyaa.

Saidi alinyamaza kidogo kwenye simu. Jana usiku akanitumia ujumbe kutoka Hancock, wameshaingia Maryland, mtoto amelala kiti cha nyuma. Bastola ameiacha Columbus, ndani ya sanduku la chuma, na ufunguo anao mfukoni.