Mizani imegoma? Anzia kwenye chupa ya mafuta ya kupikia

Miezi ya mwanzo kilo zilikuwa zinashuka vizuri, nguo zikaanza kupwaya, mashoga wakauliza unatumia nini. Halafu mizani ikasimama. Wengi wakifika hapo huja jimu wakiwa wameshajichukulia hatua: mmoja kaacha kula usiku, mwingine anakimbia mara mbili kwa siku, mwingine kauziwa majani ya chai ya "kukata tumbo". Hayo majani mara nyingi huwa na sanamaki. Yanakuharisha, unapoteza maji, mizani inashuka siku mbili kisha inarudi palepale.

Huu hapa utaratibu ninaowapitisha wateja wangu. Ufuate kwa mpangilio huu, usirukie hatua ya tano kwa sababu ndiyo ya mazoezi.

Hatua ya 1: Hakikisha umesimama kweli

Jipime asubuhi, ukishatoka msalani, kabla ya kunywa chochote, mizani ikiwa juu ya sakafu ngumu na si zulia. Andika kila siku, mwisho wa wiki tafuta wastani. Namba ya siku moja haina maana: ukila pilau ya harusini Jumamosi, Jumapili chumvi na wanga vitakuwa vimeshika maji mwilini na utaona kilo nzima imeongezeka. Mwanamke alinganishe wiki zinazofanana za mzunguko wake, kwa sababu siku za kukaribia hedhi mwili hushika maji. Pima pia kiuno kwa futikamba ya fundi cherehani, usawa wa kitovu.

Wastani usiposogea kwa wiki nne na kiuno nacho kikabaki vilevile, hapo umesimama. Kama kiuno kinapungua, endelea na ulichokuwa unafanya.

Tena usijilinganishe na kasi ya wiki mbili za kwanza. Nyingi ya kilo zile zilikuwa maji. Mwili huhifadhi wanga kama glaikojeni, na kila gramu yake hukaa na takriban gramu 3 za maji.

Hatua ya 2: Pigia hesabu mwili ulio nao leo

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 38, urefu sentimita 160, aliyeanza na kilo 95 na sasa ana 84. Kwa kanuni ya Mifflin na St Jeor ya mwaka 1990, inayokadiria kalori ambazo mwili hutumia kwa siku ukiwa umepumzika tu, mwanamke huzidisha kilo kwa 10, anajumlisha sentimita mara 6.25, anatoa umri mara 5, kisha anatoa 161. (Mwanaume hatoi 161, anajumlisha 5.) Jibu lizidishe kwa 1.4 kama kazi zako ni za kukaa.

Alipokuwa na kilo 95 mama huyu alitumia kama kalori 2,240 kwa siku. Sasa anatumia kama 2,085. Akila 1,800, mwanzoni alikuwa na pengo la 440. Leo pengo ni 285, bila yeye kubadilisha chochote. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kalori 120, na kijiko cha chai cha sukari kina 16. Vijiko viwili vya mafuta na vitatu vya sukari, pengo lote limekwisha.

Hatua ya 3: Pima kinachoingia sufuriani

Hapa ndipo kesi nyingi zinapoishia. Mtu atakuapia kwamba anakula ugali kidogo na mboga za majani, na ni kweli, ila mchicha wenyewe unaogelea.

Chukua chupa ya nusu lita, ijaze mafuta kutoka kwenye dumu, bandika plasta ubavuni na uandike tarehe. Wiki hii pikia mafuta ya chupa hiyo tu. Nusu lita ina zaidi ya kalori 4,000. Mkiwa wawili nyumbani na imeisha kwa siku nne, kila mmoja amekula zaidi ya kalori 500 za mafuta kwa siku, na hakuna aliyeona akila kitu. Chapati na chipsi za nje ziandike pembeni.

Kisha hesabu chai. Vikombe vitatu vya vijiko vitatu vya sukari ni karibu kalori 145, maziwa bado. Hesabu na ulichoonja jikoni, na ugali wa mtoto uliomalizia ili usitupwe.

Simwiti mtu mwongo. Mwaka 1992 watafiti wa New York waliwachunguza watu wanene waliosema hawapungui hata wakila kidogo. Ilionekana walikuwa wanakula karibu mara mbili ya walichoandika, na mazoezi wameyakadiria kupita kiasi.

Hatua ya 4: Punguza kidogo, ongeza protini

Toa kalori 200 hadi 300 tu, na zitoke kwenye mafuta na sukari kwanza. Pima mafuta kwa kijiko, usimimine. Tumia tui jepesi badala ya tui la kwanza. Ugali usiuache, maana ukiuacha, saa nne usiku utakuwa umeshika mkate.

Protini ifike kama gramu 1.2 kwa kila kilo yako, ndiyo italinda misuli na kukushibisha. Yai lina gramu 6, kikombe cha maharage yaliyoiva kama 15, na dagaa wakavu gramu 50 hukaribia 30. Dagaa wachemshe na nyanya na limau. Ukiwakaanga umerudi kwenye chupa.

Usishuke chini ya kalori 1,200 bila kusimamiwa na daktari au mtaalamu wa lishe.

Hatua ya 5: Ongeza uzito, si jasho

Nailoni unayojifunga tumboni ivue. Inakutoa maji tu.

Mara tatu kwa wiki fanya skwati, pushapu (za ukutani zinatosha kuanzia) na kuvuta mzigo kuelekea kifuani, seti tatu za kila zoezi. Kwenye skwati anza kwa kukalia kiti: miguu upana wa mabega, visigino visinyanyuke, shuka polepole mpaka uguse kiti, inuka. Ukifikisha mara 12 bila shida, shika ndoo ya lita 5, baadaye ya lita 10. Mwili ulioshazoea zoezi hauna sababu ya kujenga misuli mipya.

Mbali na hapo tembea. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani. Kushuka kituo kimoja kabla ya chako nako kunahesabika.

Hatua ya 6: Kaa nayo wiki tatu

Usibadilishe kitu kingine kabla ya wiki tatu. Mazoezi mapya hufanya misuli ivimbe kwa maji, kwa hiyo wiki ya kwanza mizani inaweza hata kupanda. Kama umejibana kwa miezi mingi, umechoka na hulali vizuri, kula kiasi cha kubaki na uzito ulio nao kwa wiki mbili, kisha urudi.

Wanaoanzia hospitali

Mjamzito na anayenyonyesha, huu mwongozo si wenu. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamidi amuone daktari kabla ya kupunguza chakula, sukari inaweza kushuka ghafla. Sindano ya uzazi wa mpango, vidonge vya steroidi na dolutegravir (dawa ya VVU) vinaweza kuongeza uzito kwa baadhi ya watu. Usiache dawa, waulize waliokuandikia. Na kama uchovu, kuhisi baridi kupita wenzako na choo kigumu vimekuja pamoja na kilo, omba upimwe tezi ya thairoidi.